Sayari Iliyokuwa Uani kwa Mama Pindo

Pu.

Hivyo ndivyo udongo ulivyoanguka, na Mama Pindo aliikumbuka sauti ile vizuri kuliko nyimbo zote za harusi yake. Hakikuwa kishindo. Ilikuwa kama mtu mnene amekaa ghafla juu ya godoro. Mguu wake ulisimama kwenye kanyagio la cherehani, sindano ikabaki hewani, suruali ya mteja ikasubiri. Aliinuka, akaenda dirishani, akaona mpera wake haupo.

"Umekwenda," alisema, kama anayetoa habari za jirani aliyehama, akarudi kumalizia suruali.

Korongo lililoumeza lilianza likiwa mfereji. Mumewe alipoinua nyumba, miaka mingi kabla hajafariki, mtoto aliweza kuuruka huku anakula mkate. Mvua zikaja, maji ya barabara ya juu yakajichagulia njia, na mfereji ukashuka, ukatanuka mabega. Sasa lilikuwa shimo refu lenye kuta nyekundu, tabaka juu ya tabaka, na katikati yake zilisimama nguzo nyembamba za udongo, kila moja imebeba jiwe kichwani kama mchuuzi. Chini kabisa kulikuwa na kidimbwi cha maji ya rangi ya kutu. Mifuko ya plastiki ilinasa kwenye mizizi iliyoachwa hewani, ikapepea kutwa kama bendera za nchi zisizo na watu.

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja. Alishona kila kitu, lakini sifa yake ilikuwa kwenye pindo. Watu walisema nguo itachakaa, itageuka tambara la kupigia deki, itaoza, na pindo la mama huyu litabaki pale pale kama mtu anayesubiri zamu yake hospitalini.

Kaka yake alikuwa dereva wa pikapu ya kukodi, mtu mwenye huruma nyingi na subira kidogo. Kila udongo ulipoanguka alikuja, na kila alipokuja aliondoka na kitu.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema siku ya mpera, akiliangalia korongo kwa mbali.

"Huu si ufa, kaka."

"Ndiyo maana sisemi uzibe. Nasema uhame."

Siku ile aliondoka na kabati. Safari iliyofuata, lilipomezwa bafu, akachukua kitanda. Kisha viti, kisha meza, kisha saa ya ukutani, ambayo hata haikuwa nzito. Mama Pindo hakubisha. Alilala kwenye godoro sakafuni na kula chakula juu ya ndoo iliyopinduliwa. Lakini cherehani hakumruhusu mtu kuigusa. Wote wawili walijua kwamba siku cherehani itakapopanda pikapu, yeye atakuwa amehama, hata mwili wake ukibaki pale umekaa.

Na kuhamia wapi? Kwa kaka alikuwa ametengewa nafasi ukumbini, nyuma ya friji. Wifi yake alikuwa ameshasema mapema, kwa upole kabisa, kwamba kichwa chake hakistahimili kelele za mashine.

"Likifika ukuta wa jiko, napakia," kaka alisema.

"Likifika," Mama Pindo akajibu.

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano. Kati ya ukingo na ukuta wa jiko palibaki uwanja wa kuanikia nguo, na kamba yenyewe ilikuwa imelegea kwa sababu nguzo yake moja ilikuwa imeanza kuinama kuchungulia chini.

*

Chumba cha nyuma kilikaa bila mpangaji kwa sababu dirisha lake lilifunguka juu ya korongo. Waliokuja kukiona walichungulia dirishani, wakakumbuka kwamba wana shughuli nyingine. Hadi alipokuja mtu mmoja wa makamo, mwembamba, mtoa fotokopi kwenye duka la vifaa vya ofisi. Huyo alichungulia mpaka Mama Pindo akamshika shati kwa nyuma.

"Hiki ndicho," akasema.

"Umeona huko chini?"

"Nimeona."

"Linakuja huku, baba. Sikufichi."

"Linakuja kwa kasi gani?"

"Inategemea mvua."

"Vizuri sana. Na sauti? Linatoa sauti?"

Mama Pindo alimtazama usoni kuona kama ni mzima. "Linatoa," akasema.

Mtu yule akahamia jioni ile ile na begi moja na kompyuta iliyofungwa kwa raba.

Ilichukua muda kujua kwamba aliandika vitabu. Riwaya za sayansi ya kubuni, alieleza alipoulizwa: mambo ya sayari za mbali, vyombo vya anga, watu ambao bado hawajazaliwa.

"Umeshafika?" Mama Pindo aliuliza.

"Wapi?"

"Huko mbali."

"Nimefika hapa kwako, mama. Panatosha."

Maana mpangaji yule alikuwa na kasoro moja ambayo mwandishi wa mambo ya kubuni hapaswi kuwa nayo: hakuweza kubuni. Alijaribu ujanani, akasema, akaandika sayari ya barafu bila kuwahi kuona barafu zaidi ya ile ya kwenye glasi, na wasomaji wakasema ile sayari ina harufu ya soda. Tangu siku hiyo aliandika anachokiona tu, kisha akakipeleka mbali. Nguzo za udongo zikawa mahekalu ya viumbe waliokwishatoweka. Kidimbwi cha kutu kikawa bahari iliyokuwa inafikiri. Sayari nzima akaiita Ngeu, kwa wekundu wake.

"Mama Pindo," aliita asubuhi moja kupitia dirishani, "hayo maji unayotaka kumwaga ni ya nini?"

"Nimefulia kitambaa cha sare. Kinachuja rangi."

"Ni ya buluu?"

"Buluu."

"Basi nisubiri nije. Mwaga polepole."

Ndivyo mto wa tindikali ya buluu ulivyoingia sura ya nne.

Mama Pindo mwenyewe pia aliingia. Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, Mama Pindo alikuwa akitupa kokoto moja korongoni na kutega sikio, apate kujua limeshuka kiasi gani tangu jana. Katika riwaya akawa Malkia Mwenye Sindano, anayekaa ukingoni mwa dunia, na msafiri yeyote anayefika kwake sharti aje na jiwe kutoka kwao, aliambie kinachomlemea, kisha alirushe kwenye kina kisicho na mwisho.

Muuza mkaa wa pale kona hakufurahi alipojiona kwenye kurasa ambazo mpangaji alizitoa fotokopi kabla kitabu hakijatoka.

"Umeniandika mimi nakula nuru," alimshtaki mpangaji.

"Nani kasema ni wewe?"

"Kiumbe mweusi mpaka kope, anakaa kwenye kibanda cha mabati, mguu mmoja ana kandambili na mwingine ana kiatu. Ni nani basi, shemeji yako?"

"Ni fahari, mzee. Wala Nuru ndio jamii yenye akili kuliko zote Ngeu."

"Mimi nakula kama watu," muuza mkaa akasema. Lakini alipoondoka alikuwa ameomba kuziazima zile kurasa, na kesho yake viatu vyake vilifanana.

*

Kitabu kilipotoka, hakuna aliyetarajia kitu. Kisha siku moja ya mapumziko, gari dogo likasimama, na kutoka ndani yake wakashuka watu wanne waliovaa makoti mekundu kwenye jua la mchana. Waliingia uani wakitembea pole mno, wakinyanyua miguu kama waliokanyaga uji, kwa sababu kitabuni Ngeu huvuta miguu kuliko dunia. Kila mmoja alikuwa na jiwe.

"Mtukufu," akasema aliyetangulia, "tumetoka mbali."

"Karibuni," alisema Mama Pindo, pini zikiwa mdomoni. "Ni kupunguza au kuongeza?"

Huyo alikuwa daktari wa meno, lakini wenzake walimwita Nahodha. Alienda ukingoni, akaliambia jiwe lake jambo, akalirusha. Wote wakatega sikio. Kisha, kwa kuwa walikuwa wameshafika, Nahodha akaacha suruali mbili zipunguzwe.

Wiki iliyofuata walikuja zaidi. Mpangaji alikuwa akiwatumia wasomaji sura mpya za mwendelezo kwa simu kila Ijumaa, na Jumamosi uwanja wa kuanikia ulijaa makoti mekundu. Wateja wa kawaida waliokuja kuchukua nguo zao nao wakaanza kutembea polepole, kwanza kwa adabu, baadaye kwa mazoea. Muuza mkaa alisimama kwenye kibanda chake akipokea heshima za wageni, mkono kifuani, akiuza makaa yenye nuru ndani yake.

Na mawe yakawa yanarundikana. Mama Pindo aliliona hilo kabla ya mtu yeyote, kwa sababu kokoto yake ya asubuhi ilianza kujibu mapema. Mvua ndogo ikapita, maji yakakutana na lile rundo, yakapunguza hasira, na hakuna kilichoanguka. Kaka alikuja na pikapu, akakuta hakuna cha kuchukua, akaondoka na sufuria ili safari isiwe bure.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Mama Pindo alimwambia mpangaji, na jioni ile alitia sukari nyingi kwenye chai yake.

Alishangilia mapema. Ijumaa moja msomaji mmoja alichungulia korongoni akaona kitu ambacho kitabuni hakipo: mwisho. Kina kisicho na mwisho kilikuwa na mwisho, tena ulikuwa unapanda. Wasomaji wakagawanyika. Warushaji walisema sharti la Malkia ni jiwe. Wahifadhi walisema Ngeu isiguswe, ibaki ilivyoandikwa. Kiongozi wa Warushaji alikuwa Nahodha. Kiongozi wa Wahifadhi alikuwa mke wa Nahodha.

Walikuja kwa gari moja. Asubuhi mume na watu wake walirusha mawe. Mchana mke na watu wake walishuka kwa kamba na ndoo, wakayatoa yale yale, wakayapanga kando ya barabara kwa heshima. Jioni wakapanda gari wakarudi nyumbani pamoja, kwa sababu watoto walikuwa na shule.

"Mtaachana," muuza mkaa alimwonya Nahodha.

"Kwa ajili ya nini? Nyumbani hatuna korongo."

Wahifadhi walikuwa na bidii kuliko Warushaji. Walipomaliza mawe ya wageni wakatoa na yale ambayo Mungu mwenyewe aliyaweka. Jumapili, bila hata mvua, ikasikika: pu. Nguzo ya kamba ya kuanikia ikaenda, na shuka mbili za mteja juu yake. Kaka alikuja akasimama jikoni, akaegemeza kiganja ukutani, akatoa kichwa nje ya dirisha. Aliyaona mawingu.

"Mdogo wangu," alisema, bila ukali. "Wifi yako ameshasogeza friji."

*

Mama Pindo aligonga chumba cha nyuma.

"Nataka uandike jambo," alimwambia mpangaji. "Andika kwamba korongo limesimama. Andika Malkia amekataza kutoa mawe. Watakusikia, hawa si watu wa kusikia mwingine."

Mpangaji aliondoa mikono kwenye kompyuta, akaiweka mapajani kama mwanafunzi.

"Siwezi, mama."

"Ni maneno tu."

"Ndiyo. Lakini mimi naandika ninachokiona. Nikichungulia hapo naona linakuja. Nikiandika limesimama, wataisoma ile sura na watasema ina harufu ya soda."

"Kwa hiyo nyumba iende, kitabu kiwe kizuri."

Mpangaji aligeukia dirisha. Alikuwa mwaminifu hata katika aibu yake, na uso ulimshuka kweli. Mama Pindo alimwangalia akiwa na hasira na huruma kwa pamoja, hali ambayo aliizoea kwa mumewe. Kisha akafunga mlango taratibu.

Kesho yake akaja bwana wa mipango miji, amevaa kofia ya plastiki ya njano, na barua ya malalamiko mkononi.

"Korongo hili la nani?"

"Halina mwenyewe," Mama Pindo akasema. "Sisi ndio tunakuwa wake, mmoja mmoja."

"Kuna watu wanatupa mawe humu bila kibali."

"Na wengine wanayatoa. Hao wana kibali?"

Bwana mipango alifikiri. "Kuingiza kunahitaji kibali. Kutoa, itabidi nikaulize." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akachungulia na kutikisa kichwa. "Dawa yake inajulikana, mama. Magunia ya mchanga, unayapanga ngazi kwa ngazi kuanzia ukingoni kushuka, maji yanashuka bila kukata udongo. Mchanga tunao, lori tunalo. Tulijaribu kule bondeni. Magunia yakafumuka yote kwa mvua ya kwanza."

"Yalishonwa na nani?"

"Yalishonwa na zabuni."

Mama Pindo akageukia upande wa cherehani yake. "Leta huo mchanga," akasema.

Muuza mkaa alitoa magunia yake matupu, akisema Wala Nuru hawana choyo. Mama Pindo aliyageuza ndani nje, akayakung'uta, akabadilisha sindano akaweka ile nene ya turubai, na kwa uzi wa nailoni akaanza. Mshono mara mbili, kisha pindo, kisha mshono juu ya pindo. Cherehani ililia kwa namna ambayo wifi yake asingeistahimili hata kidogo. Sare za shule zilisubiri, suruali za Nahodha zilisubiri. Lori lilipomwaga mchanga, yeye na muuza mkaa wakajaza magunia ya safu ya kwanza na kuyalaza ukingoni, tumbo kwa tumbo.

Dirishani, mpangaji aliacha kutafuna kucha. Alitazama ile safu nyeupe ikifuata mkunjo wa udongo mwekundu. Akaondoka dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu ugomvi ule vidole vyake vikasikika vikikimbia kwenye kompyuta.

Ijumaa wasomaji wakapata sura: Malkia Mwenye Sindano ameona ukingo wa dunia unafumuka, naye ameamua kuupiga pindo.

Jumamosi walikuja wote. Warushaji walifurahi kwa kuwa sasa mawe yao yangeingia magunia ya chini. Wahifadhi walijitenga kando wakajadiliana kwa muda mrefu, kisha mke wa Nahodha akatoa uamuzi: pindo halipunguzi kina cha kitu, nguo iliyopigwa pindo ni ile ile. Hawakuwa na pingamizi.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walikuwa wameipita siku ya tatu zamani. Mama Pindo aliazima majembe na mabeleshi mtaa mzima, akawagawia.

"Mtukufu, tufanye kwa mwendo wa Ngeu?" Nahodha aliuliza, mguu mmoja hewani.

"Kwa mwendo wa mvua inayokuja, daktari."

Wakafanya haraka.

*

Mvua kubwa ilikuja mchana, ikaingiza giza saa za kazi. Kaka alifika kabla yake, akageuza pikapu kinyumenyume hadi mlangoni na kuiacha inanguruma. Aliingia ndani bila salamu, akashika cherehani upande wa kushoto. Mama Pindo akaishika upande wa kulia. Hakuna aliyenyanyua na hakuna aliyeachia.

"Naisaidia tu," kaka alisema.

"Na mimi naisaidia."

Maji ya barabara ya juu yalifika yakiwa yamebeba kandambili, majani na mlango wa mtu. Yaligonga safu ya kwanza, yakapanda juu yake, yakashuka ya pili, ya tatu. Gunia moja likateleza. Mpangaji, muuza mkaa, Nahodha na mkewe walikuwa uani wameshikana mikono kwenye matope, wakitazama mishono.

Pu.

Kaka akakaza mikono. Mama Pindo alifumba macho. "Wapi?" akapaza sauti.

"Ng'ambo," muuza mkaa akajibu kutoka nje. "Upande ule mwingine. Huku kimya."

Wakabaki vile vile, ndugu wawili na mashine kati yao kama mtoto anayegombewa, hadi mvua ikachoka. Kaka alitoka akapita jikoni, akaegemeza kiganja ukutani. Akakaa hivyo kitambo. Kisha akaenda kuzima gari. Siku ya pili akarudisha kitanda na saa, na siku ya tatu sufuria, ambayo wifi alikuwa ameshaanza kuipenda.

Majani yakaota kwenye magunia. Kidimbwi cha kutu kikafunikwa. Nguzo za udongo zilianguka, na mpya hazikuchongwa. Wasomaji walikuja mara chache, wakapiga picha, wakachukua nguo zao. Mpangaji alikaa dirishani kutwa, na Ijumaa ikapita bila sura, na nyingine pia.

"Limenyamaza," alimwambia Mama Pindo, si kwa lawama. "Ni bonde tu sasa. Bonde zuri."

Alikuwa amesikia habari za mahali penye machimbo ya chumvi yaliyoachwa, peupe mpaka macho yanauma, na upepo unaopita ndani ya mabomba matupu. Huko duka la fotokopi lilikuwepo pia. Mama Pindo alisema ni vizuri mtu kufuata riziki yake. Alimfulia mashuka ya mwisho, akayaanika kwenye kamba mpya, iliyonyooka.

Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, mikono ndani ya mfuko wa aproni, akamtazama akifunga kompyuta kwa raba. Kaka alikuwa nje na pikapu, safari hii kwa kazi ya kukodiwa.

"Sayari mpya itakuwa nyeupe yote," mpangaji alisema, apate la kusema. "Lakini Malkia nitamtaja. Wasomaji watauliza amebaki vipi huko Ngeu. Nitaandika kwamba yupo, kwenye nyumba yake."

"Andika," alisema Mama Pindo. Alinyoosha mkono akaondoa uzi kwenye bega la shati lake, akausokota kati ya vidole. Kisha, kwa sauti ndogo kiasi kwamba kaka, aliyekuwa amefika na kusimama nyuma yake kuchukua begi, hakuisikia, akauliza:

"Na mle ndani, nitakuwa nakaa na nani?"